Bakyumu pampu ya lori si pambo, ukiitoa irudishe

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni fundi wa injini za dizeli hapa Moshi, pande za Pasua, na kilichonifanya nishike simu niandike ni ile barua ya msomaji wenu mwenye Canter aliyelalamika kwamba mafundi wa siku hizi wezi, eti alipeleka gari inavuja oili nyuma ya oltaneta, ile mashine ya kuchaji betri, akaambiwa bakyumu pampu, yaani pampu ya kunyonya hewa ya kusaidia breki, imekwisha atafute nyingine, akakataa, akahamia gereji ya pili, huko wakaitoa pampu wakaziba matundu kwa hela ya soda na gari mpaka leo inapiga kazi. Akamalizia kwa kuwashauri wenye malori wenzake wafanye hivyohivyo.

Kuhusu wizi sibishani naye, wezi wapo, kwenye fani yetu na kwenye fani yake. Ila huo ushauri wake hapana, hapo siwezi kukaa kimya, kwa sababu najua wenye Canter wanavyosoma gazeti, ikishaandikwa tu kesho mtu anakuja nayo mkononi anakwambia fundi nitolee hiyo kitu, hata gazetini imeandikwa haina kazi.

Sasa ukweli ni kwamba anaposema injini inawaka na inavuta vizuri bila bakyumu pampu hasemi uongo. Injini yenyewe haiihitaji kabisa. Injini haina shida na pampu, mwenye shida ni mguu wa dereva. Gari ya petroli ina kile kipepeo kinachobana hewa inayoingia, dereva akiachia mafuta kipepeo kinajifunga, pistoni zinavuta hewa ambayo haipo, basi pale kwenye manifodi, njia ya kuingizia hewa, panakuwa na mvuto wa bure, unachukua mpira mmoja tu unaupeleka kwenye busta ya breki kazi imeisha. Dizeli zetu hizi za zamani hazina kipepeo cha hivyo, hewa inaingia bila kubanwa muda wote, kinachopimwa ni mafuta, kwa hiyo mvuto hakuna. Ndio maana wakaweka pampu maalumu ya kutengeneza mvuto. Kwenye Canter za injini ya 4D33, kwenye Isuzu za 4JB1, kwenye Hiace na Hilux za 2L na 3L, wameipachika mgongoni mwa oltaneta, shafti ya oltaneta ndiyo inaizungusha. Injini nyingine inazungushwa na gia za taimingi moja kwa moja. Wamarekani kwenye pikapu zao za Dodge zenye Cummins 5.9 wameifunga mbele ya injini ikishikana na pampu ya stelingi, wanazitoa mbili pamoja. Ila kazi ni moja kote.

Kwenye busta, au haidrovaki kama ni ile ya chini ya chesisi, kuna daiframu, kile kiwambo cha mpira, upande mmoja pampu imenyonya hewa yote, dereva akikanyaga hewa ya nje inaachiwa iingie upande wa pili, basi ile hewa ndiyo inayosukuma breki, mguu unaelekeza tu. Ukitoa pampu breki haipotei, na hapa ndipo watu wanapodanganyika, maana gari inasimama. Ikiwa tupu, barabara tambarare, dereva kijana mwenye paja nene, inasimama. Anamwambia tajiri mwenye gari mbona breki ipo, ngumu kidogo tu, nitazoea. Tajiri anafurahi, kaokoa hela.

Haya mpakie tani tatu na nusu, na sote tunajua Canter za huku hazibebi tatu na nusu, halafu ashuke nayo kutoka Marangu Mtoni kuja Himo, au Machame kuja njia panda, au Kibosho na mikungu imepangwa mpaka juu ya keji na akina mama wamekaa juu ya mikungu. Kwa wenzetu wa Arusha mtu anatoka Karatu na magunia ya vitunguu anashuka ule ukuta wa bonde la ufa mpaka Mto wa Mbu. Breki za dramu zikishapata moto, laini zake za kusugulia zinaanza kuteleza, kila kona anahitaji kukanyaga zaidi ya kona iliyopita, na mguu wake alishautoa wote kwenye kona ya kwanza. Hana akiba.

Na kuna jambo hata madereva wengi hawalijui, kwenye Canter nyingi ekzosti breki, ile inayopunguza mwendo kwa kubana moshi wa injini, nayo inavutwa na bakyumu hiyohiyo. Ile swichi ya kwenye stelingi ukiivuta inafungua valvu ya umeme, bakyumu inavuta daiframu, inafunga kipepeo kule kwenye bomba la moshi. Bakyumu hakuna, ekzosti hakuna. Yaani umemnyang'anya dereva wasaidizi wote wawili siku moja, na taa ya ekzosti kwenye dashibodi inawaka kama kawaida kwa sababu umeme upo, anaona taa anaamini. Mimi kwangu hili ndilo baya kuliko yote.

Kuna Canter moja ililetwa kwangu inalalamikiwa chaji, betri zote mbili zinashuka, nikalala chini nikaangalia, mpira mnene wa bakyumu umechomekwa bolti ya namba 17 ukazungushiwa vipande vya tyubu na waya wa kufungia nondo, kazi safi kabisa ukiitazama kwa mbali. Bomba jembamba la oili limepigwa nyundo likabonyea likakunjwa. Lakini pampu yenyewe hawakuitoa! Wameiacha ileile mgongoni mwa oltaneta inazunguka kavu bila tone la oili. Nilipoifungua ndani ni unga mweusi, vile vibati vyake vya kunyonyea hewa vimesagika, rota imekula ukuta wa nyumba yake, meno ya shafti yamebaki kama ya mzee, na joto lote lilienda kwenye beringi ya nyuma ya oltaneta. Mwenye gari alikuwa kanunua betri mpya mara kadhaa akilaumu wauza betri. Kwa hiyo hata kwenye hesabu ya hela, achana na roho za watu, hajaokoa kitu. Nikamuuliza dereva pembeni kaka unashukaje Kibosho na hii, akacheka, akasema nashuka na gia namba mbili na Mungu.

Sasa niseme kuhusu kuitoa, maana kuitoa si dhambi, pampu lazima itolewe ikitengenezwa, tatizo ni kuitoa isirudi. Na nieleze vizuri ili msomaji mwenye gari akisimama gereji ajue fundi anafanya nini.

Kwanza kabisa fungua betri, upande wa negativu. Wapo vijana wanadharau hili, wanasema swichi imezimwa. Ule waya mnene wa nyuma ya oltaneta unatoka kwenye betri moja kwa moja, uwe umezima uwe hujazima una moto, na Canter ni volti 24, spana ikigusa waya na bodi ya injini kwa pamoja utaona cheche za sherehe na unaweza kuchoma dayodi zote. Halafu subiri injini ipoe, oili ya moto ikikumwagikia kifuani ukiwa chini ya gari utaelewa.

Pampu ina njia tatu, zitambue kabla ya kufungua. Bomba jembamba la chuma linaleta oili kutoka kwenye injini kwa presha. Mpira mnene wa chini unarudisha oili kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, huo hauna presha, unashuka tu. Na mpira mwingine unaenda kwenye tangi la bakyumu na busta, ndani yake au mwanzoni mwake kuna chekivalvu inayoruhusu hewa kuja kwenye pampu lakini isirudi. Weka chombo chini, fungua lile bomba jembamba taratibu, pale pana washa za shaba kila upande wa kichwa cha bolti yenye tundu, usizitupe chini ya benchi, na ukifunga weka mpya, kama hakuna zichome ziive nyekundu uziache zipoe, zinalainika tena. Nusu ya pampu zinazosemwa zinavuja nimekuta ni washa tu. Nyingine ni huo mpira wa kurudishia, umekauka kwa moto wa injini umepasuka kwa nyuma mahali usipopaona mpaka upitishe kidole.

Ukishamaliza mabomba legeza mkanda, ukiweza kuifikia pampu bila kushusha oltaneta sawa, mara nyingi huwezi, kwa hiyo fundi akikwambia oltaneta inashuka nzima usimwite mwizi, yule msomaji hili pia lilimkera, lakini nafasi ndio haipo, labda awe na mikono ya mtoto. Ukiishusha, bolti za pampu ni chache na zinafunguka vizuri tu, kazi ipo kwenye kuiachanisha, maana oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia, inakuwa imegandana. Hapo ndipo watu wanachukua bisibisi wanachokonoa katikati, ile ni alminiamu jamani, ukishaiachia mkwaruzo hata oringi mpya itavuja. Igonge pembeni kwa mpini wa nyundo, izungushe kidogo kidogo, itatoka.

Ndani usiharakishe. Vile vibati vina upande wa mviringo na upande ulionyooka, upande wa mviringo ndio unaosugua ukuta, ukivigeuza pampu itavuta siku chache halafu inajikwangua. Angalia meno ya rota na meno ya shafti. Na angalia oili sili ya shafti ya oltaneta, hii ndiyo ikifa oili inaingia kwenye oltaneta yenyewe, kaboni zinalowa, chaji inashuka, mtu anabadilisha kaboni leo na mwezi ujao zimelowa tena kwa sababu hakuna aliyeangalia sili. Ukirudisha mwagia oili kidogo ndani ya pampu kabla ya kufunga, uizungushe kwa mkono oili isambae, usiiwashe kavu ukisubiri oili ije yenyewe.

Mipira sasa. Usikubali wa maji. Mpira wa maji ukikutana na oili unavimba unakuwa kama utumbo, ukifungwa kwenye njia ya kurudi unajibana, oili inashindwa kushuka kwenye sampu, inajaa kwenye pampu, inatafuta pa kutokea, na itakapotokea ni kwenye oltaneta au inanyonywa kwenda kwenye busta. Ukikuta oili ndani ya mpira wa busta basi njia ya kurudi ina shida au chekivalvu imekufa, na daiframu ya busta haipendi oili hata kidogo. Upande wa bakyumu nao unataka mpira wenye ukuta mnene, mwembamba unanyonywa unalala wenyewe, ukiugusa injini ikiwa imezimwa mzima, injini ikiwaka umeziba.

Nije kwenye geji ya kupimia bakyumu maana hapa nina ugomvi na mafundi wenzangu, hasa wa Arusha. Kitabu cha Mjapani kinakupa kipimo cha pampu kwa inchi za zebaki, labda kinataka 26 au 27, fundi anafunga geji anapata 23 anamwambia mteja pampu mbovu nunua. Ndugu zangu, hicho kipimo ni cha pwani. Pampu haiwezi kunyonya zaidi ya hewa iliyopo, na usawa wa bahari hewa yote ni kama inchi 30, ukipanda inapungua karibu inchi moja kila futi 1,000. Arusha mjini mko karibu mita 1,400 juu, hewa yote mliyonayo ni inchi 25 na ushee, hata pampu itoke boksi leo haiwezi kusoma 27. Sisi Moshi tuko chini zaidi, kwenye mita 800 na kitu, tuna kama 27. Ukifika ukingo wa Ngorongoro kwenye mita 2,300 imebaki kama 22 na nusu. Kwa hiyo Arusha geji ikisoma 23 na ikifika hapo haraka mara tu injini ikiwaka, funga boneti mpe mteja gari yake. Na kwa hesabu hiyohiyo busta inasukumwa na hewa kidogo kadiri unavyopanda, breki inakuwa na msaada mdogo kuliko Dar hata kila kitu kikiwa kizima, sasa wewe hapo juu ndipo unataka kushuka bila pampu kabisa.

Kuna wakati pampu inaruhusiwa kutolewa moja kwa moja, nisiwe muongo. Kama mtu kachukua injini akaifunga kwenye gari yenye breki za upepo tupu, kama zile Fuso kubwa na Scania, pale kuna kompresa na bakyumu haina mteja. Au ni injini imefungwa inasaga mahindi, au inazungusha jenereta. Sawa, itoe, lakini ziba njia ya oili kwa plagi yenye nyuzi zake na washa, isiwe bomba la kukunjwa kwa nyundo, maana hiyo ni presha ya injini, siku ikifumuka oili yote iko barabarani kabla taa haijakuamsha. Na njia ya kurudi kwenye sampu izibwe pia, vumbi la huku mnalijua.

Wenye magari nawaelewa hali ni ngumu. Lakini sio lazima pampu mpya. Mara nyingi sili, oringi na vibati vinatosha, na ukikosa kabisa zipo za mtumba za Japani zinazokuja na oltaneta yake, ukienda kununua ingiza kidole uzungushe shafti uone kama ina mchezo, ziba tundu la bakyumu kwa kidole gumba ukiizungusha uone kama inakunyonya, uweke oili kidogo kwanza. Isiponyonya muachie mwenye duka. Ninachowaomba matajiri ni kimoja, msimuamuru fundi azibe halafu mkimkuta dereva kapata ajali mseme breki zilifeli. Fundi njaa inamfanya akubali, dereva anaogopa kufukuzwa anakubali, lakini aliyesema ziba ni wewe mangi na gari ni yako.

Madereva na nyinyi msisubiri kuambiwa, jipimieni asubuhi kabla ya kupakia, haihitaji spana. Injini imezimwa, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu kama jiwe, usiachie, washa injini huku umeikanyaga. Pedali ikishuka kidogo yenyewe chini ya mguu, pampu na busta vinafanya kazi. Isiposhuka, hakuna bakyumu, usipakie. Kingine, ukizima injini ukakaa dakika chache, ukanyagaji wa kwanza bado uwe laini, ukiwa mgumu hapohapo chekivalvu haishiki au mpira unavuja, na hiyo maana yake injini ikikuzimikia mteremkoni huna hata akiba ya kukanyaga mara moja.

Na kwa wakaguzi wa magari, kila mwaka tunaona Wiki ya Nenda kwa Usalama magari yanapanga foleni ya stika, ombi langu kwenu hicho kipimo cha pedali kiwe cha kwanza kwa kila lori dogo la dizeli, hakifiki dakika moja. Pedali isiposhuka mwambieni dereva ainue kabini, mfuate ule mpira mnene kuanzia kwenye busta, msiishie kuutazama kwa juu, muufuate mpaka mwisho wake muone umeingia kwenye pampu au umechomekwa bolti.

Fundi wa dizeli,
Pasua, Moshi